Jikune Unapofikia: Mwongozo Kamili wa Kupanga Filamu ya Bajeti Ndogo

Filamu nyingi za bajeti ndogo hazifi kwa kukosa kamera. Hufa siku ya tatu ya kushuti, mwenye nyumba anapobadili mawazo, mwigizaji mkuu anapoitwa kazini, au inapogundulika kwamba sini (maonyesho) tisa zilizobaki zote ni za usiku na taa iliyopo ni moja. Nimesoma miswada mingi ya watu waliokwama hapo, na karibu yote ina kasoro ileile: mwandishi alitunga kwanza, kisha akaanza kutafuta. Aliandika hospitali, akaenda kuomba hospitali. Aliandika umati wa watu mia, akaanza kuomba watu mia.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Unaanza na ulicho nacho, unakipima bila huruma, ndipo unashika kalamu. Kipimo chenyewe ni kimoja: je, naweza kukipata mara mbili? Mahali unapoweza kuingia mara moja tu pasihesabiwe kuwa pako. Mvua ikinyesha, sauti ikiharibika au mwigizaji akiugua, itakubidi urudi, na filamu nzima itasimama au kuanguka kwa swali hilo.

## Vya kuandaa kabla ya hatua ya kwanza

- Daftari au jedwali la kompyuta lenye sehemu nne: mahali, watu, vitu, tarehe.
- Simu yenye kamera, dira na kinasa sauti kwa ajili ya ukaguzi.
- Kamera utakayoshutia (simu nzuri inatosha), traipodi na betri za akiba.
- Maikrofoni isiyo ile ya ndani ya kamera, pamoja na hedifoni zinazofunika masikio yote.
- Diski mbili za nje za kuhifadhia picha na sauti.
- Kalenda ya miezi mitatu ijayo, ya karatasi, unayoweza kuitundika ukutani.
- Fomu za ridhaa za waigizaji na za wenye maeneo.

Kama fedha yako inatosha kununua kitu kimoja tu, nunua cha sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga, lakini asiposikia maneno huacha kutazama.

## Hatua ya 1: Orodhesha ulivyo navyo

Tenga saa mbili, na usiwaze hadithi yoyote. Andika kila mahali unapoweza kuingia na kamera kwa kumwomba mtu mmoja tu. Nyumba ya dada yako. Karakana ya rafiki. Darasa wakati wa likizo. Ghala, shamba, paa la jengo, gari bovu lililolala uani. Sharti la mtu mmoja lina sababu: ruhusa inayopita kwa watu watatu hukwama kwa wa pili.

Mbele ya kila mahali jaza mambo manne: nani anashika ufunguo, panapatikana saa ngapi, naweza kurudi mara ngapi, na nani mwingine ana uwezo wa kukataa. Hilo la nne ndilo linalosahaulika. Rafiki yako amekubali, ila hujazungumza na anayeishi naye, na mlinzi wa zamu ya usiku hajawahi kukusikia.

Kisha yape maeneo alama. A ni mahali unapoweza kurudi wakati wowote. B ni mahali unapoweza kurudi ukitoa taarifa mapema. C ni mara moja basi. Kanuni ninayoifuata: angalau robo tatu ya filamu iwe katika maeneo ya A, na katika C niweke tu sini ambazo zikikosekana hadithi bado inasimama.

Watu nao waorodheshe kwa kile wanachofanya maishani, usiishie kwenye kipaji cha kuigiza. Mjomba fundi cherehani ana mikono inayojua kazi kwa namna ambayo mwigizaji hawezi kujifunza kwa wiki mbili. Ukimpa uhusika wa fundi cherehani, nusu ya kazi yake ameshaifanya kabla hujasema chochote.

Katika vitu, andika hata vile vinavyoonekana vya kawaida: pikipiki, sare za zamani, mashine ya kuchomelea, mashua. Robert Rodriguez alipopanga *El Mariachi*, filamu ya 1992 iliyoshutiwa kwa takriban dola 7,000, alianza hivyohivyo. Alitazama alivyoweza kuvipata bure, zikiwamo baa, shamba la mifugo na basi, akatunga hadithi inayopita humo.

Utajua umefaulu ukiwa na maeneo matatu au zaidi ya alama A, na watu watano waliokutajia siku zao mahususi. Aliyekuambia "tutaona" usimhesabu.

## Hatua ya 2: Kagua mahali, masikio yakitangulia

Hapa ndipo ninapoomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu makosa ya hatua hii hayatengenezeki kwenye uhariri.

Wengi hufika, hutazama ukuta mzuri, hupiga picha mbili na kuondoka. Fanya kinyume. Ukifika, kaa chini, fumba macho, sikiliza dakika tano nzima. Kisha rekodi dakika nyingine mbili kwa maikrofoni utakayotumia na usikilize kwa hedifoni. Sikio la mtu huzoea kelele na kuifuta, maikrofoni haizoei. Friji, feni, pampu ya maji, barabara, ndege, shule ya jirani, vyote vitakuwa ndani ya kila sentensi ya mwigizaji wako.

Piga kofi moja kubwa katikati ya chumba. Ukisikia mwangwi unaotetemeka, kuta ni tupu na ngumu mno. Blanketi nzito, magodoro na mapazia upande usioonekana na kamera hupunguza mwangwi huo kwa kiasi kikubwa. Chumba chenye makochi, zulia na nguo huwa kizuri kwa sauti kuliko sebule kubwa yenye vigae, hata kama sebule inapendeza zaidi machoni.

Kagua siku na saa ileile utakayoshuti. Niliwahi kupoteza siku nzima ya kazi kwa sababu nilikagua Jumapili asubuhi, kisha nikaenda kushuti Jumanne. Nyuma ya ukuta kulikuwa na karakana ya kuchonga mbao ambayo Jumapili ilikuwa imefungwa. Mwenye karakana hakuwa na kosa lolote. Alikuwa kazini kwake. Mimi ndiye niliyepaswa kwenda Jumanne.

Mwanga. Simama mahali kamera itakapokaa, upige picha saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo sini ya mazungumzo unayoishuti kwa saa tatu itaanza na dirisha likimwaga mwanga usoni na kuisha na uso uko kivulini. Ukiziunganisha picha hizo, mtazamaji ataona mwanga unarukaruka katikati ya sentensi. Chagua upande ambao jua haliingii moja kwa moja wakati wa sini ndefu, au funika dirisha kwa kitambaa chepesi cheupe.

Umeme. Jumlisha wati za taa zote, ugawanye kwa volti za mahali hapo. Jibu ni ampea. Wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 ni karibu ampea 9. Linganisha na uwezo wa soketi na fyuzi, ukikumbuka kwamba friji na pasi za mwenye nyumba zinakula humohumo. Taa za LED hula kidogo sana, ndiyo maana ninazipendelea.

Kisha washa taa za mahali hapo na urekodi kidogo. Kama picha inapepesa au ina mistari inayopanda, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, haiendani na umeme. Penye umeme wa hezi 50, tumia 1/50 au 1/100 ya sekunde. Penye hezi 60, tumia 1/60 au 1/120.

Mengine ya kuuliza papo hapo: choo kiko wapi, vifaa vitalala wapi usiku, waigizaji watabadilishia nguo wapi, gari litaegeshwa wapi, na mvua ikinyesha tutahamia chumba gani. Swali hilo la mwisho lina thamani ya siku nzima.

Onyo: usikubali mahali kwa sababu ni pazuri tu. Chumba kidogo chenye uzuri kinaweza kukunyima nafasi ya kurudisha kamera nyuma. Pima kwa hatua: kama huwezi kusimama mita tatu kutoka kwa mwigizaji, kila picha yako itakuwa ya uso uliobanwa.

## Hatua ya 3: Chagua waigizaji kabla ya kuandika

Ukiwa huna fedha, unachomwomba mwigizaji ni muda wake, na muda ndio utakaoamua ukubwa wa uhusika. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu yeyote liwe tarehe zake. Mwenye kipaji kikubwa anayepatikana siku mbili mpe uhusika wa siku mbili: baba anayerudi mara moja, ofisa anayetokea katikati na kubadili kila kitu. Uhusika mkuu mpe mtu anayeweza kurudi, hata kama kipaji chake ni cha wastani, mradi yuko tayari kufanya mazoezi.

Kwenye majaribio ya uigizaji, mpe mtu ukurasa mmoja auigize. Kisha mwelekeze kinyume kabisa: "Sasa sema maneno hayohayo, ila hutaki huyu aondoke." Unachotafuta ni badiliko. Anayerudia uigizaji uleule mara tatu atakuchosha kwenye kamera. Anayebadilika, hata kwa kukosea, anaongozeka.

Mazoezi hayagharimu chochote, na ndiyo yanayookoa saa za kushuti. Christopher Nolan alishuti filamu yake ya kwanza ndefu, *Following* ya 1998, Jumamosi kwa Jumamosi kwa takriban mwaka mzima, kwa sababu waigizaji na kikosi walikuwa na kazi zao za wiki. Waliifanyia mazoezi kila sini hadi iweze kupatikana kwa teki (rekodi) moja au mbili. Fanyeni mazoezi mahali penyewe kama inawezekana. Mwigizaji anayejua mlango unafunguka upande gani hasahau maneno yake anapoufungua.

Watoto wadogo na wanyama waache kama huna uzoefu nao. Hawana hatia yoyote, ila hawafuati saa yako, na ratiba ya bajeti ndogo haina nafasi ya kusubiri.

## Hatua ya 4: Sasa tunga

Weka orodha yako mezani. Uliza: ni watu gani wawili katika orodha hii wanaoweza kutaka kitu kimoja, na ni mahali gani hapa patawazuia kutoka hadi mmoja akipate? Hadithi za bajeti ndogo hupata nguvu zinapobana watu pamoja. Ghala, usiku mmoja, funguo moja. Nyumba ya marehemu, ndugu watatu, hati isiyoonekana.

Jiwekee mipaka kabla ya ukurasa wa kwanza. Kwa filamu ya saa moja napendekeza wahusika wanaozungumza wasizidi sita, na maeneo makuu yasizidi matatu. Ukurasa mmoja wa muswada uliopangwa kwa mtindo wa kawaida huwa takriban dakika moja kwenye kioo, kwa hiyo kurasa 60 ni saa moja.

Usiku wa ndani ya nyumba hauna gharama: ziba madirisha kwa kitambaa cheusi na ushuti saa nne asubuhi. Usiku wa nje ndio unaokula taa, walinzi na usingizi wa watu. Kama hadithi inakubali, hamishia ndani.

Rasimu ikiisha, iite familia yako au marafiki, mgawane wahusika na kuisoma kwa sauti huku saa ikihesabu. Wasomaji wakianza kuharakisha mahali fulani, hapo pana maneno ya kufuta. Kila ukurasa unaoufuta sasa ni saa mbili hivi usizozilipa baadaye.

## Hatua ya 5: Uchambue muswada sini kwa sini

Gawanya kila ukurasa katika sehemu nane. Sini ya nusu ukurasa inaandikwa 4/8. Hesabu hii ni ya zamani katika kazi hii na bado inafaa, kwa sababu inakuonyesha uzito wa sini bila kukisia.

Kwa kila sini andika kwenye kadi moja: namba, mahali, ndani au nje, mchana au usiku, ukubwa kwa sehemu za nane, wahusika, mavazi, vitu vinavyoshikwa, na jambo lolote gumu kama maji, moto, gari linalotembea au watu wengi. Tumia rangi tofauti za kalamu kwa mavazi na vitu.

Kadi zinatosha. Programu za ratiba zipo na ni nzuri, lakini kadi unaweza kuzitandaza sakafuni na kuzihamisha kwa mkono, na macho yako yataona tatizo upesi.

Jambo la kuangalia hasa ni siku za ndani ya hadithi. Andika kwenye kila kadi "siku ya 1 ya hadithi", "siku ya 2", na kuendelea. Utashuti bila kufuata mfuatano, na mwigizaji akiingia mlangoni kwa shati la bluu na kutokea upande wa pili kwa shati jeupe, uhariri hautakusaidia.

Utajua umefaulu ukiweza kushika kadi yoyote na kujibu bila kufungua muswada: nani anahitajika, avae nini, ashike nini.

## Hatua ya 6: Kikosi cha watu watano

Watu watano wanaojua kazi zao huenda kasi kuliko kumi na watano wanaosimama nyuma ya kamera wakitazama. Mgawanyo ninaouamini:

1. Mwongozaji, ambaye macho yake yako kwa waigizaji.
2. Mpiga picha, anayeshughulikia kamera na taa.
3. Mtu wa sauti. Asipewe kazi nyingine hata kama anaonekana amekaa.
4. Msaidizi wa mwongozaji, mshika saa na ratiba. Huyu ndiye anayesema "tumebakiwa na teki moja".
5. Mtu wa mwendelezo (kila kitu kilingane kutoka picha moja hadi nyingine), mavazi na vitu. Anapiga picha kila mwigizaji mwanzoni na mwishoni mwa sini.

Kosa ninaloliona kila mara ni mwongozaji kushika pia saa. Hawezi. Akizama katika uigizaji, muda unampita. Akitazama muda, uigizaji unampita.

Zungumza na kila mmoja kuhusu malipo waziwazi, hata kama jibu ni kwamba hakuna. Sema utatoa nini: usafiri, chakula, jina kwenye filamu, nakala ya kazi, au fungu la mapato likipatikana. Andika. Urafiki huvunjika kwa mambo yaliyodhaniwa kueleweka.

## Hatua ya 7: Ratiba inayosema kweli

Anza na hesabu ya siku moja. Chukua siku ya saa 10. Toa saa 1 ya kuandaa vifaa asubuhi, saa 1 ya chakula, nusu saa ya kufungasha. Zimebaki saa 7 na nusu. Kila mara kamera inapohama kwenda mkao mpya, pamoja na kurekebisha mwanga, kufanya mazoezi mafupi na kupiga teki kadhaa, hesabu nusu saa. Una mikao 15 kwa siku, basi.

Sasa tazama sini zako. Mazungumzo ya watu wawili yakihitaji mikao minne, unapata sini tatu na chenji. Ukiona ratiba yako ina sini nane kwa siku, umejidanganya, na kikosi chako kitajua ifikapo saa nane mchana. Kwa kikosi kidogo, kurasa 4 hadi 5 kwa siku ni mwendo unaowezekana. Muswada wa kurasa 60 kwa mwendo wa 5 ni siku 12. Ongeza 2 za akiba. Zitumike kwa yaliyoharibika, zisigeuzwe za kupanua hadithi.

Panga kadi kwa utaratibu huu:

Kwanza mahali. Maliza kila kitu cha eneo moja kabla ya kuhama. Kuhamisha kikosi kidogo ndani ya siku hukula saa moja na nusu hadi mbili, ambayo ni mikao mitatu au minne.

Pili waigizaji wa muda mfupi. Mwenye siku mbili apewe siku zinazofuatana, sini zake zote humo.

Tatu mchana na usiku. Usimalizie saa sita usiku na kuwaita watu saa moja asubuhi. Acha angalau saa 11 au 12 kati ya kuachana na kukutana tena. Hili ni suala la usalama: watu waliochoka huendesha magari kurudi nyumbani.

Nne ugumu. Siku ya kwanza weka sini nyepesi ili kikosi kizoeane. Sini nzito ya hisia iweke kati ya siku ya tatu na katikati ya ratiba, wakati watu wameshazoeana na nguvu bado ipo. Maeneo ya C yaweke mapema pia, ili pakikataliwa ubaki na muda wa kuandika upya.

Mkishuti wikendi tu, siku 12 ni wikendi sita. Katika muda huo nywele hukua, ndevu hubadilika, mtu hupungua uzito. Kubaliana na kila mwigizaji kuhusu kichwa chake kabla ya wikendi ya kwanza, na iandikwe kwenye fomu.

Kwa kila siku ya nje, andaa sini moja ya ndani inayoweza kuchukua nafasi yake, na waigizaji wake wawe wamejulishwa. Mvua ikinyesha, mnaingia ndani na kazi inaendelea.

Utajua umefaulu msaidizi wako akiisoma ratiba na kukuambia inachosha lakini haimtishi.

## Hatua ya 8: Gawa fedha kidogo uliyo nayo

Anza na vitu vinavyolinda watu na kazi: chakula, usafiri, maji, huduma ya kwanza, diski. Kisha sauti. Kisha taa. Kamera iwe ya mwisho.

Chakula kisipuuzwe. Kikosi kisicholipwa hupima heshima yako kwa sahani, na ni haki yao. Mlo kamili usichelewe zaidi ya saa sita tangu kazi ianze.

Tenga asilimia 10 ya fedha yote usiyoigusa hadi siku ya mwisho. Kama huwezi kuitenga, filamu yako ni kubwa kuliko mfuko wako. Rudi hatua ya 4 na ufute eneo moja.

Hesabu ya hifadhi ifanye mapema. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya saa moja ukiirekodi mara sita ya urefu wake ni saa 6, yaani gigabaiti 270, na hiyo ni nakala moja tu.

## Hatua ya 9: Karatasi, hata kwa ndugu

Kila mwigizaji atie saini kwamba anakubali sura na sauti yake itumike, wapi na kwa malipo gani. Kila mwenye eneo atie saini akitaja tarehe, saa, na siku ya ziada ya kurudi. Hiyo siku ya ziada ndiyo kipimo chetu cha mara mbili kikiwa kwenye maandishi.

Piga picha kila chumba kabla ya kugusa chochote, ili ukirudishe kama kilivyokuwa.

Barabara, vituo vya usafiri na majengo ya umma mara nyingi huhitaji kibali. Uliza mamlaka ya mahali hapo mapema, kwa sababu vibali huchukua siku. Silaha za bandia zisionekane hadharani bila majirani na polisi kujua. Mtu anayepita hajui ni maigizo, na kosa hilo linaweza kuua.

Muziki usio na haki nao usiingie, hata ule wa redio ya jirani unaosikika nyuma. Ukishapenya kwenye maneno ya mwigizaji huwezi kuukata bila kukata maneno yenyewe.

## Hatua ya 10: Siku ya majaribio

Wiki mbili kabla, chagua sini moja ya kurasa mbili. Ishuti kamili, mahali penyewe, na kikosi chenyewe, kisha uihariri usiku huohuo pamoja na sauti.

Utagundua mambo ambayo hakuna mpango unaoyaonyesha: betri hudumu dakika ngapi hasa, maikrofoni inasugua nguo ya nani, nani huchelewa, mkao mmoja unakula dakika ngapi kwa mikono yenu. Kama ni dakika 45 badala ya 30, rudi hatua ya 7 na upange upya kwa mikao 10. Inauma kufuta sini siku hiyo, lakini inauma zaidi kuzikosa baadaye.

## Hatua ya 11: Kila siku ya kushuti, na kabla ya kurudisha ufunguo

Usiku wa kuamkia kazi, kila mtu apokee ujumbe mmoja: mahali, saa ya kufika, sini za siku, mavazi, namba ya kupiga dharura, hali ya hewa.

Asubuhi, zima friji na uweke funguo za gari lako ndani yake. Huwezi kuondoka bila kuzichukua, kwa hiyo huwezi kusahau kuiwasha tena.

Katika kila sini, anza na mkao mpana unaobeba tukio zima. Muda ukiisha, angalau una sini inayoeleweka. Ukianza na nyuso, unaweza kubaki na nyuso zisizojua ziko wapi. Baada ya mkao mpana, fuata mwigizaji ambaye sini ni yake.

Kabla ya kuhama, mtu wa sauti aombe kimya na kurekodi sekunde 30 hadi 60 za ukimya wa chumba hicho, watu wote wakiwa wamesimama walipo. Mhariri atazitumia kuziba mashimo kati ya sentensi. Kama kuna mstari uliofunikwa na kelele, mwigizaji aurudie hapohapo kwa sauti peke yake, akiwa bado na hisia za sini.

Jioni, nakili kadi za kumbukumbu za kamera na za sauti kwenye diski zote mbili, fungua faili kadhaa kwenye kila diski uhakikishe zinacheza, na diski hizo zisilale nyumba moja. Kadi ya kumbukumbu isifutwe hadi nakala zote mbili zimekaguliwa.

Siku ya mwisho ya kila eneo, kaa na mtu wa mwendelezo mpitie kadi za sini za hapo moja baada ya nyingine. Kila kadi ipate alama ya picha na alama ya sauti. Isiyo na alama zote mbili ishutiwe sasa, au iandikwe kwenye orodha ya siku ya ziada. Rudisha samani mahali pake ukilinganisha na picha ulizopiga, fagia, washa friji, mshukuru mwenye nyumba, na umtajie tarehe ya siku ile ya ziada kabla hujamkabidhi ufunguo.